Fluoriti mbili saizi moja, bei mbalimbali kabisa: unalipia nini hasa?

Ndugu yangu, swali lako nalifupisha kidogo ili na wengine wajue tunaongelea nini. Umeonyeshwa fluoriti mbili za kijani (fluoriti ni madini ya fuwele ambayo watu wanayakusanya), muuzaji anasema zote zimetoka mgodi wa Rogerley kule Weardale, Uingereza, zote zinajaa kiganja, rangi ukiangalia harakaharaka ni ileile, ila moja anaitaka mara nane ya nyingine. Unauliza hapo kuna tofauti ya kweli au jamaa anakupima akili tu, na kama tofauti ipo uchukue ipi.

Tofauti inaweza kuwepo kabisa tena kubwa, na mara nyingi imekaa sehemu ndogo kuliko punje ya mchele. Kwenye vito vya kukatwa fundi akikuta ufa anaukata anautupa, anabaki na kilicho safi. Kwenye fuwele za kukusanya hakuna kukata, jiwe linabaki na umbo lililotoka nalo ardhini, kwa hiyo ncha ikimeguka imemeguka moja kwa moja na kila atakayelishika baada yako ataiona. Ndo maana wakusanyaji wakongwe hawaanzi na rangi wala ukubwa, wanaanza na ncha na kingo, wakiridhika hapo ndo utawasikia wanasifia rangi.

Sasa shika hizo fluoriti zako mbili. Tafuta lenzi ya kukuza mara 10, ile wanayotumia masonara, na taa moja tu inayopiga kutoka ubavuni, sio yale mataa mengi ya juu ya kabati la vioo ambayo yanafanya kila kitu kimeremete (wauzaji wanalijua hilo vizuri sana). Zungusha jiwe polepole uone mwanga unavyoteleza juu ya kila uso. Fluoriti za Rogerley ni michemraba, na sana sana utakuta miwili imepenyana, pembe ya mmoja imechomoza kwenye uso wa mwenzake, hao ni mapacha na ndo sifa kubwa ya mgodi ule. Fluoriti ugumu wake ni 4 tu kwenye skeli ya Mohs, ile ya kupima ugumu wa madini toka 1 hadi 10, halafu ina udhaifu mmoja, inapasuka kirahisi kwa mielekeo minne, na hiyo mielekeo minne inapita hukohuko kwenye pembe za mchemraba. Yani ukiigonga pembe kidogo tu haimeguki hovyohovyo kama glasi, inakatika bapa kabisa na kuacha kipembetatu kisafi, laini, kinachong'aa. Asiyejua akikiona anadhani ndo umbo la fuwele lenyewe, na wapo wauzaji watakwambia hivyohivyo bila kupepesa macho.

Utamjuaje mkweli? Fuwele haina upendeleo. Kama pembe moja ilikatwa na asili wakati fuwele inakua basi na pembe zingine kwa kawaida zitakuwa zimekatwa vilevile, kwa kiasi kinachokaribiana, na uso wa namna hiyo kwenye fluoriti mara nyingi umefifia, una kaukungu fulani, wakati nyuso za mchemraba zinawaka. Kipembetatu cha kuvunjika kinakuwa kwenye pembe moja mbili tu, saizi hazilingani, mng'ao wake ni tofauti na wa majirani zake, na ukikileta chini ya lenzi unaona vingazi vidogovidogo ambapo jiwe liliachia tabaka kwa tabaka, mara nyingine na ufa kwa chini unaotoa rangi za upinde wa mvua. Uso uliokua wenyewe unakuwa na alama za kukua, mistari myembamba au vimraba vilivyopandana, ambavyo huvioni hadi taa ilale. Ukishaziona hizo alama hata kwenye jiwe moja tu, hazikupotei tena.

Haya, vihesabu vipembetatu kwenye kila jiwe, halafu uangalie viko wapi, maana mahali pana uzito kuliko idadi. Pembe iliyokatika kwenye mchemraba mkubwa wa katikati, ule macho yanaofikia kwanza, hiyo inaua bei. Vipembetatu vitatu vinne kule pembeni kabisa kwenye vifuwele vidogo havisumbui, na kwa fluoriti hata usitegemee kupata jiwe la saizi hiyo bila hata kimoja. Kama la bei ya juu lina pacha mkubwa mbele yuko mzima kila pembe, na la bei ya chini lina pacha kama huyo ila kapoteza pembe yake ya mbele, basi hiyo mara nane sio kichekesho, soko linakwenda hivyo.

Hapa niweke jambo moja linalowachanganya sana wanaoanza. Sio kila palipokosa ukamilifu ni kasoro. Kila kipande kilibanduliwa kutoka ukutani mwa uwazi wake ndani ya mwamba, kwa hiyo mgongoni na pembezoni lazima kuwe na palipovunjika, hilo ni la kawaida. Halafu kuna sehemu fuwele ilikua ikakutana na fuwele nyingine au na ukuta ikashindwa kuendelea, pale panakuwa na kovu lisilo na umbo zuri lakini hapajavunjwa na mtu, pamezaliwa hivyo. Nimeona watu wanakataa kipande kizuri kwa sababu ya kovu la namna hiyo ubavuni halafu wanakwenda kubeba jiwe lenye pembe zimeliwa kote, eti kwa sababu ni kubwa.

Gundi sasa. Jiwe lililovunjika likagandishwa tunasema limeungwa, na jiwe lililopungukiwa kipande kikajazwa kwa resini ya rangi inayofanana hilo limejazwa, na hivi vitu viwili msivichanganye kwa sababu bei zake hazikaribiani hata kidogo. Kuungwa sio dhambi. Turmalini nyingi kubwa za kwenye mifuko ya pegmatiti (mwamba wenye fuwele kubwakubwa) zinakutwa zimeshavunjika humohumo ndani kabla mchimbaji hajafika, zingine zilivunjika zamani sana zikaendelea kukua zikajiponya zenyewe, unaona pale kwenye mvunjiko kuna vinyuso vidogo vimeota. Pairiti za Navajún kule Hispania, ile michemraba mizuri ya rangi kama dhahabu iliyokaa kwenye mwamba laini wa kijivu, nyingi zilichomoka wakati wa kuchimba zikarudishwa kwa gundi, na watu wananunua wakijua. Tatizo ni kutokuambiwa. Muuzaji wa maana anasema mwenyewe kabla hujauliza, na bei inashuka kulingana na mahali palipoungwa.

Kwa kawaida ningekwambia chukua tochi ya ultravioleti ya nanomita 365 uingie nayo gizani, gundi nyingi zinajitokeza kwa mwanga mweupe wenye ubuluu kwenye mstari wa muungo, na kwa pairiti, turmalini au akwamarini ni kipimo kizuri. Ila kwa fluoriti ya Weardale tochi itakuangusha, kwa sababu jiwe lenyewe linawaka bluu-zambarau kali sana kiasi kwamba mstari wa gundi unamezwa humo. Kwa hiyo hapo rudi kwenye lenzi: fuata mstari unaozunguka fuwele hasa pale inapokutana na mwamba, tafuta vipovu vya hewa, tafuta kitu kinachong'aa kama kimelowa wakati pembeni yake pakavu, tafuta vumbi la mwamba lililopakwa juu ili kuficha. Na alama za kukua zikifika kwenye mstari zikakatika halafu zikaendelea pembeni kidogo, hazijakutana sawasawa, ujue hapo paliachana pakarudishwa.

Huko kuwaka kwa jiwe kuna jambo lingine pia. Fluoriti za Rogerley zinawaka hata kwa ultravioleti iliyomo kwenye mwanga wa jua tu, kwa hiyo ndani ya nyumba ni kijani, ukizitoa nje zinageuka kuwa na bluu. Yuropiamu, elementi ya metali iliyomo ndani kwa kiasi kidogo, ndo inafanya hivyo. Muuzaji akikupa picha ya bluu iliyopigwa juani hajadanganya lakini hajasema yote, mwombe na ya ndani. Na wewe mwenyewe toka nazo nje zote mbili kwa dakika moja: kama moja inageuka vizuri na nyingine inabaki vilevile kijani, basi unajiuliza kama kweli hiyo ya pili imetoka huko inakosemwa, maana fluoriti za kijani zipo China, zipo Namibia, zipo sehemu nyingi na kwa bei nafuu.

Na hapo ndo tunafika kwenye lebo, ambayo watu wanaitupa na kiboksi. Kwenye ukusanyaji wa madini, mahali jiwe lilipotoka ni sehemu ya jiwe. Azuraiti (madini ya bluu ya shaba) kutoka Tsumeb, Namibia, mgodi uliofungwa 1996, haiwezi kuuzwa sawa na azuraiti ya Morocco ambako bado zinatoka, hata kama kwa macho zinakaribiana, kwa hiyo kishawishi cha kubadilisha lebo ni kikubwa. Fluoriti za Illinois nazo vilevile, uchimbaji kule uliisha 1995, kilichopo sokoni kinazunguka toka mkusanyaji mmoja hadi mwingine. Kinga yako ni kuangalia kile kilichoambatana na fuwele, yani mwamba wenyewe na vijimadini vingine vilivyokaa juu yake, maana kila mgodi una majirani zake. Ingia Mindat, ile hazina ya mtandaoni ya taarifa za madini aliyoianzisha Jolyon Ralph, tafuta jina la mgodi, pitia picha nyingi uone rangi ya mwamba, umbo la fuwele, nini kinaota na nini. Fluoriti za Rogerley utaona zinakaa na kwatsi na galena (madini ya kijivu ya metali ya risasi). Kama ya kwako imekalia kitu ambacho hakipo hata kwenye picha moja, uliza maswali.

Lebo za zamani za wakusanyaji waliotangulia nazo zihifadhi zote hata kama zimechakaa, na kama kuna namba ndogo imepakwa rangi chini ya jiwe usiifute, kuna watu wamezifuta wakidhani wanasafisha.

Hukuuliza kuhusu feki za moja kwa moja ila nitapita humo haraka kwa sababu ukishaanza kununua utakutana nazo. Sitrini nyingi za rangi ya machungwa iliyokolea, hasa zile zilizojipanga kwenye ganda lenye chini nyeupe, ni ametisti iliyochomwa kwenye tanuri, sitrini ya asili huwa ya njano iliyopauka yenye umoshimoshi. Kwatsi yenye rangi za petroli juu ya maji imepakwa mvuke wa metali kiwandani. Bismuthi zile za ngazi na rangi zote zinaoteshwa kwenye sufuria, mara nyingi muuzaji mwaminifu anasema. Fuwele za bluu kali za salfeti ya shaba zinaoteshwa kwa siku chache na kubandikwa juu ya jiwe lolote. Zinkiti za rangi ya machungwa kutoka Poland zilijiotea kwenye matanuri ya kiwanda cha zinki, sio ardhini. Zumaridi kwenye mwamba mweupe, hapo macho manne, kuna changa la macho la kuchonga kipande cha kwatsi au glasi ya kijani pande sita na kukipachika ndani kwa gundi iliyochanganywa na unga wa kalsiti, madini laini meupe. Kwatsi nayo zipo nyingi zilizokatwa na kusuguliwa zikapewa ncha na mashine. Ya asili kwenye nyuso zake za pembeni inakuwa na mistari ya kulala, kukatiza urefu wake, wakati turmalini mistari yake inasimama kwa urefu. Uso wa pembeni ukiwa laini tupu kama kioo bila hata mstari kwenye mawe hayo mawili, shuku kwamba huenda kuna mtu kaupitishia mashine. Tanzanaiti ya Merelani ni kesi ya peke yake: joto linaifanya iwe bluu, na kwa vito vya kuvaa hakuna anayelalamika, ila mkusanyaji wa fuwele anataka ambayo haijachomwa, ile ambayo ukiizungusha kwenye mwanga unapata bluu, unapata zambarau na unapata kahawia au uwekundu fulani kwenye upande wa tatu. Ikishachomwa ule upande wa tatu unapotea.

Kuhusu kununua kwa picha, maana naona umesema la bei ya juu ameshakutumia picha sita. Sita hazitoshi kama zote ni za mbele. Omba video jiwe likizunguka taratibu, omba mgongo na chini, omba likiwa kavu maana jiwe lililoloweshwa maji au mafuta linaficha michubuko yote. Angalia vidole vya anayelishika: kama ngozi yake imekuwa nyekundu kupita kiasi au kucha zina kijani, rangi ya picha imechakachuliwa. Na unapolinganisha bei usiangalie bei wanazotaja wauzaji, hizo mtu anaweza kuandika chochote, tafuta vipande vilivyoshauzwa kwenye minada. Ukipata nafasi ya kwenda kwenye maonyesho makubwa kama ya Tucson, Marekani, mwezi wa pili, au Sainte-Marie-aux-Mines kule Ufaransa mwezi wa sita, au Munich mwezi wa kumi, nenda hata usiponunua, ushike tu mawe mengi ya mgodi mmoja kwa siku moja. Jicho linafunguka haraka sana ukishika mawe ishirini ya aina moja mfululizo, kuliko kushika aina ishirini.

Basi uchukue ipi. Ukiniuliza mimi, kwa bajeti uliyonitajia wala nisingechukua yoyote kati ya hizo. La bei ya chini kwa ulivyoeleza (umesema "pembe ya mbele imekaa kama imechongwa" na mimi hapo nasikia kipembetatu) utalifurahia miezi kadhaa halafu kila ukipita kabatini macho yatakwenda palepale, na siku ukitaka kuliuza atakayekuja atakwenda palepale pia. La bei ya juu linaweza kuwa halali yake lakini litakumalizia hela yote na bado hujajua kuangalia. Shuka saizi. Wakusanyaji wana madaraja, mojawapo ya madogo ni kipande kinachoingia kwenye kiboksi cha inchi moja, yani sentimita 2.5 kila upande, halafu kuna la sentimita 5. Kwenye hayo madaraja mawili utapata pacha wa Rogerley mzima kila pembe, rangi ileile, anageuka bluu juani, kwa hela ya lile lililomeguka au hata pungufu. Wapo wakusanyaji wakubwa hawanunui kitu zaidi ya saizi ya kidole gumba na makabati yao yanawatoa watu udenda. Kama moyo umeshang'ang'ania lile kubwa, basi lilipie kwa sharti muuzaji aandike kwenye risiti jina la mgodi na kwamba halijaungwa wala kujazwa, na kwamba unaweza kulirudisha ukigundua vinginevyo.

Likishafika nyumbani usilikimbize bombani. Fluoriti haipendi kubadilishiwa joto ghafla, maji ya moto yanaweza kuipasua, kwa hiyo liache kwanza lizoee joto la chumba, na likihitaji kuoshwa tumia maji yenye joto sawa na la chumba na sabuni kidogo. Mashine za kusafishia vito kwa mitetemo weka mbali kabisa, asidi pia hapana kwa sababu itakula galena na kama kuna kalsiti inaondoka yote. Halafu usiliweke dirishani hata kama pale ndo linapendeza zaidi, kijani cha Weardale kinajulikana kupauka kikikaa juani muda mrefu na hakirudi. Litoe nje dakika mbili ukitaka kumwonyesha mgeni ile bluu, kisha lirudishe kabatini, na ukilibeba lishike kwa mwamba wa chini, sio kwa fuwele.